Mlango Wazi na Jina la Mwenye Nyumba

Jina la mtu ni mali ya namna ya pekee. Ng'ombe akiibiwa, zizi hubaki tupu na mwenyewe hupiga yowe. Jina likiibiwa hubaki palepale lilipokuwa. Mwenyewe hulala nalo na kuamka nalo, hulitia mwishoni mwa barua zake, huitwa kwalo sokoni akaitika, asijue kwamba usiku kucha lilikuwa likitumika mahali asipopajua, kwa kazi asiyoiamuru. Siku apatayo habari, habari hiyo aghalabu humjia katika sura ya lawama. Ndipo huuliza kwa uchungu wa kweli, "Mimi nimefanya nini?" Na jibu lililo la haki huwa chungu vilevile: hakufanya neno, aliacha mlango wazi.

Katika insha hii nataka kulipima jibu hilo. Je, mtu aliyeacha mlango wazi pasipo kukusudia ana wajibu gani kwa yatendwayo na wale wapitao humo? Swali hili ni kongwe, na kila kijiji chenye nyumba na wageni kimewahi kuliuliza. Zama zetu, hata hivyo, zimelipa umbo jipya, kwa sababu zimetupa milango isiyoonekana kwa macho, ambayo mwenyewe aweza kukaa karibu nayo mwaka mzima asijue kama imefungwa au imefunguka. Mmoja wa milango hiyo ni seva ya tovuti inayofanya kazi ya proksi wazi, nami nauchagua huo kwa sababu ndani yake swali letu laonekana bila pambo.

Kwanza tulieleze jambo lenyewe. Seva ya tovuti ni kompyuta iliyowekwa ili kujibu maombi yatokayo katika kompyuta nyingine. Kazi yake ya kila siku ni kama ya mwenye duka: mteja huomba kitu, naye hupewa kama kimo, au huambiwa hakimo. Lakini kompyuta hiyohiyo yaweza kufundishwa kazi ya pili, ambayo ni kwenda katika duka la mbali kwa niaba ya mteja, kuomba akitakacho, kukipokea, na kukirudisha kwake. Ifanyapo kazi hiyo huitwa proksi. Mwenye duka la mbali hamwoni mteja wa kwanza. Huiona proksi tu, na katika daftari lake huandika anwani ya proksi. Ikiwa yawatumikia watu wa nyumba yake peke yao, proksi ni mtumishi mwema mwenye faida nyingi. Ikiwa yamtumikia kila apitaye, bila kuuliza ni nani wala atoka wapi, ndiyo iitwayo proksi wazi.

Lugha yetu ina neno wakala, na neno hilo lina adabu ndani yake. Wakala huwekwa na mtu anayejulikana, kwa kazi inayojulikana, naye hukubali; pasipo ridhaa ya pande mbili hapana uwakala. Proksi wazi ni wakala wa watu asiowajua, katika shughuli asizoziridhia, na mara nyingi mwenye mashine hajui hata kwamba uwakala wenyewe upo. Ana kazi bila ujira, na dhamana bila mkataba. Ni hali ya ajabu, ambayo babu zetu wasingeweza kuifikiri, maana kwao kumtumikia mtu kulihitaji walau kumwona.

Tuchukue mfano, ili maneno yetu yasielee hewani. Mfano wenyewe ni wa kubuni, bali kila sehemu yake ni ya kawaida. Simbo ni kata ya Wilaya ya Kigoma, nayo ndiyo mwanzo wa barabara iendayo Ilagala, penye mto Malagarasi, na kuendelea kusini mpaka Kalya. Natuseme kwamba shule moja ya huko imepata kompyuta 21, yaani 20 za wanafunzi na 1 ya kuwa seva. Nyaya za baharini zilizofika Dar es Salaam mwaka 2009 na 2010, pamoja na mkongo wa taifa uliojengwa kuziunganisha na mikoa ya bara, zimeuleta mtandao karibu na ziwa Tanganyika. Lakini mtandao ni bidhaa ya kununuliwa, na shule haina fedha za kutupa. Kwa hiyo mwalimu mmoja, mwenye bidii na nia njema kabisa, ataka kompyuta zote 20 zipitie katika seva moja, ili ukurasa ulioletwa na mwanafunzi wa kwanza uhifadhiwe hapo na kupewa wa pili bila kununuliwa tena.

Katika Apache, ambayo ni miongoni mwa programu za seva zinazotumika sana duniani, kuna agizo liitwalo ProxyRequests. Kwa asili yake agizo hilo limefungwa. Mwalimu hulifungua kwa kuandika neno moja. Baada ya hapo ilimpasa kuongeza mistari michache ya kutaja ni kompyuta zipi zinazoruhusiwa. Hiyo huiacha kwa kesho, na kesho huja na kazi zake. Na kwa kuwa seva hiyohiyo ndiyo iliyobeba tovuti ya shule, anwani yake yaonekana na dunia nzima. Kompyuta za wanafunzi zaenda vizuri, gharama yapungua, mwalimu mkuu afurahi. Hapana dalili ya kosa popote.

Lakini duniani kuna watu, na mashine za watu, wasio na kazi ila kupita mlango kwa mlango wakipiga hodi, ili kujua upi utafunguka. Hawakuichagua Simbo kwa chuki wala kwa kuijua. Waliyapitia maelfu ya milango, na mmoja ukaitika. Kuanzia hapo wageni huanza kuja. Mmoja atuma barua za ulaghai. Mwingine ajaribu maneno ya siri ya akaunti za watu, moja baada ya jingine, mpaka apate lifaalo. Wa tatu abofya matangazo kwa udanganyifu ili alipwe fedha asiyoistahili. Katika madaftari ya waliodhulumiwa haliandikwi jina la mwizi, bali anwani ya shule. Baadaye barua za shule zaanza kukataliwa na wapokeaji, kwa kuwa anwani yake imetiwa katika orodha ya anwani zisizoaminika. Fungu la mtandao lililonunuliwa kwa mwezi laisha katika wiki. Na wachunguzi wakiifuata nyayo, nyayo zitawafikisha Simbo, wala si kwa yule aliyeketi mbali akicheka.

Sasa tumhukumu vipi mwalimu huyu? Kuna rai mbili ambazo watu huzikimbilia, na zote mbili zina mvuto.

Rai ya kwanza yasema kwamba hana lawama hata kidogo. Tendo hupimwa kwa nia; nia yake ilikuwa kuwafaa wanafunzi; mwovu ni yule aliyeutumia mlango, si aliyeusahau. Rai hii ina huruma, nayo yaulinda ukweli mmoja mkubwa, kwamba uovu una mwenyewe, na mwenyewe hapaswi kujificha nyuma ya uzembe wa mwingine. Lakini ina upungufu. Huyatazama maisha ya mtenda peke yake, ikamsahau yule ajuza aliyelaghaiwa fedha zake kwa barua iliyopita Simbo. Kwake yeye nia njema ya mwalimu haina uzito wowote. Hakuibiwa nusu kwa sababu mlango ulifunguliwa kwa wema.

Rai ya pili yasema kinyume: mwenye mlango ni mshirika wa mwizi, na kila kilichopita kwake ni chake. Rai hii ina ukali, na ukali mara nyingi hudhaniwa kuwa ndio haki. Ingekuwa kweli, mwenye kivuko angekuwa mwuaji kila alipomvusha mwuaji, na tarishi angekuwa mzushi kila alipobeba barua ya uzushi. Hapana mtu ambaye angekubali tena kubeba cha mwenziwe, na dunia isiyobebeana ni dunia iliyokufa.

Basi ukweli uko wapi? Mimi nadhani umo katika kutenganisha mambo mawili ambayo rai zote mbili zimeyachanganya: kujua ulichokibeba, na kujua kwamba umebeba. La kwanza mara nyingi si wajibu wetu, tena laweza kuwa ukosefu wa adabu. La pili ni wajibu wetu daima.

Historia ya pwani ya ziwa Tanganyika yatupa mizani ya jambo hili. Mwezi Oktoba 1871 David Livingstone aliporejea Ujiji, akiwa mgonjwa na mchovu, alikuta kwamba shehena aliyopelekewa kutoka pwani imekwisha kuuzwa na mtu aliyeaminiwa kuisimamia. Huyo alijua vema alichokibeba na kwamba ni cha nani. Kosa lake lilikuwa khiyana, na khiyana haihitaji mjadala. Miezi michache baadaye, mwaka 1872, Livingstone alimkabidhi Henry Stanley daftari la habari zake likiwa limefungwa kwa lakiri, naye akalichukua mpaka Uingereza. Stanley hakuwa na haja ya kulisoma ili awe mwaminifu. Uaminifu wake katika jambo hilo ulikuwa katika mambo matatu tu: alijua kwamba amebeba, alijua amebebeshwa na nani, na alijua apeleka kwa nani. Lakiri iliyofungwa haikumpunguzia heshima, ilimthibitishia.

Kigoma yenyewe ni mji uliokua kwa kazi ya kupitisha mali ya wengine. Reli ilifika huko mwaka 1914, na mkataba wa mwaka 1921 kati ya Uingereza na Ubelgiji uliwapa Wabelgiji viwanja katika bandari za Kigoma na Dar es Salaam, ili mali za Kongo na za Ruanda-Urundi zipite Tanganyika pasipo kutozwa ushuru. Mali hizo hazikuwa za Tanganyika, wala hazikuhesabiwa kuwa zake. Hata hivyo zilijulikana ni za nani, zatoka wapi na zaenda wapi. Kupitisha cha mwenzio si aibu. Aibu ni kupitishiwa bila kujua, ukawa njia badala ya kuwa mtu.

Hata sheria ya leo, kwa lugha yake kavu, imeiona tofauti hii. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 ina sehemu ihusuyo dhima ya watoa huduma, nayo haiwatwishi wajibu wa jumla wa kupeleleza data wanazozisafirisha au kuzihifadhi. Kwa maneno mengine, mbebaji haambiwi afungue kila barua. Hilo ni jema, maana mbebaji afunguaye kila barua ni balaa kubwa kuliko mlango wazi. Lakini kutokuwajibika kwa kilichomo ndani ya mzigo hakumpi mtu ruhusa ya kutojua kama mgongoni pake mna mzigo.

Kama wajibu ni huo, basi utimizwe vipi? Hapa maadili yageuka kuwa kazi ya mikono, na kazi hiyo, ijapokuwa ya mafundi, ina mafunzo kwa kila mtu.

Hatua ya kwanza ni kusoma daftari. Kila seva huweka kumbukumbu ya maombi yote iliyoyapokea: saa, anwani ya mwombaji, kitu kilichoombwa, namba ya jibu, na ukubwa wa jibu kwa baiti. Mwombaji wa kawaida hutaja ukurasa tu, kwa kuwa yumo dukani tayari. Mwenye kutafuta proksi hutaja anwani nzima ya tovuti nyingine, ikianza na http na jina la mahali pasipohusiana na shule hata kidogo. Au hutumia neno la amri CONNECT, ambalo ni ombi la kuchimbiwa njia ya moja kwa moja kwenda kwingine. Mistari ya namna hii ikionekana daftarini, maana yake ni kwamba mtu amepiga hodi. Haijawa na maana zaidi ya hiyo. Hodi si kosa la mwenye nyumba, wala si ushahidi kwamba mgeni aliingia.

Hatua ya pili ni kutazama jibu. Namba 403, 404 na 405 ni namna mbalimbali za kukataa: umezuiliwa, hakipo, njia hiyo hairuhusiwi. Mwenye kuziona aweza kushusha pumzi. Namba 200 ni ya kukubali, nayo ndiyo iwashtuayo watu. Wengi wameiona mbele ya jina la tovuti ngeni wakaruka kwa hofu, wakadhani nyumba yao imekwisha kuwa pango la wezi. Hapo ndipo subira inapohitajiwa. Kwa kanuni za mawasiliano ya tovuti zilizoandikwa mwaka 1999, kila seva yapaswa kulielewa ombi lililotajwa kwa anwani nzima. Na seva nyingi, zikiona jina lisilo lao, hulipuuza jina hilo na kumpa mgeni ukurasa wao wenyewe wa mwanzo. Ni kama mtu aliyebisha hodi akimwuliza mwenye nyumba nyingine, akakaribishwa kwa maji ya nyumba hii. Namba ni 200, lakini hakuna uwakala uliotendeka.

Jinsi ya kuzitenga hali hizi mbili ni rahisi. Hulinganishwa ukubwa wa jibu na ukubwa wa ukurasa wa mwanzo wa seva yenyewe. Baiti zikilingana, yamkini mgeni alipewa maji ya nyumbani. Zisipolingana, shaka ina haki ya kuendelea. Angalia, msomaji, jinsi jambo hili dogo la kiufundi lilivyobeba kanuni kubwa ya hukumu. Neno moja la kukubali, likitengwa na yaliyotolewa kwalo, halimtii mtu hatiani. Wala haliwezi kumtakasa. Ni mara ngapi katika maisha yetu tumemhukumu mtu kwa sababu alionekana akiitika hodi, bila kuuliza alimpa mgeni nini? Na ni mara ngapi tumejihukumu wenyewe vivyo hivyo, tukabeba hatia ya mambo tusiyoyatenda, na hatia hiyo ikatuchosha tukakosa nguvu ya kuyatafuta tuliyoyatenda kweli? Kujituhumu bila ushahidi si unyenyekevu. Ni uvivu wa namna nyingine, unaojipamba kwa machozi.

Hatua ya tatu ni kujaribu. Mwenye seva huiendea mashine yake kama mgeni, katika mlango wake namba 80, na kuiomba imletee ukurasa wa tovuti nyingine. Akiletewa ukurasa wa nyumbani au akikataliwa, mlango umefungwa. Akiletewa ukurasa wa ile tovuti nyingine, shaka imekwisha: mashine yake ni proksi wazi, na usiku wa leo usipite kabla hajalifunga lile agizo, au, kama anahitaji proksi kwa wanafunzi wake, kabla hajaandika ile mistari michache ya kutaja wanaoruhusiwa. Dawa yenyewe ni ya dakika chache. Ujinga wa ugonjwa ndio uliokuwa wa miezi.

Katika jaribio hili lipo sharti moja ambalo kwangu mimi ndilo kiini cha insha nzima. Jaribio halina budi lifanywe kutoka nje. Mwalimu akilifanya akiwa ndani ya shule, kwa kompyuta iliyoruhusiwa, proksi itamtumikia hata ikiwa imefungwa sawasawa kwa watu wa nje, kwa sababu yeye ni mtu wa nyumba. Vilevile kuna milango ambayo huonekana kufungwa kwa aliyeko ndani, ilhali kwa aliyeko barabarani iko wazi. Kutoka ndani, mlango uliofungwa na mlango ulio wazi vyaweza kufanana kabisa. Ili ajue hali ya nyumba yake, mwenyewe lazima atoke, asimame barabarani, abishe hodi kama mtu asiyejulikana, na asikilize ataitikiwaje.

Wanafalsafa na viongozi wa dini wa kila zama wametufundisha kujichunguza, na mafundisho hayo ni ya thamani. Lakini aghalabu tumeyaelewa kuwa ni kazi ya ndani tu: mtu huketi faraghani, akaiuliza dhamiri yake kama ana kosa, dhamiri ikamjibu kwamba hana, akalala. Dhamiri ni mtu wa nyumba. Huruhusiwa kila mahali, kwa hiyo haijui ni wapi wengine huruhusiwa. Yaweza kutuambia tulikusudia nini. Haiwezi kutuambia peke yake jina letu latumikaje huko nje. Kwa elimu hiyo twamhitaji aliyeko barabarani: jirani asemaye kwamba amepokea barua ya ajabu yenye jina letu, mgeni alalamikaye, mwanafunzi aulizaye. Watu wengi huwachukulia hao kuwa ni wachokozi. Kwa hakika wao ndio jaribio kutoka nje, nao hutufanyia bure kazi tuliyopaswa kuifanya wenyewe.

Ni lazima niongeze mpaka mmoja. Jaribio hili mtu hulifanya kwa mlango wake, au kwa mlango wa aliyempa ruhusa. Kupita usiku ukisukuma milango ya majirani kwa kisingizio cha kuwasaidia si ujirani; hakuna tofauti kati ya nyayo zako na nyayo za mwizi, na sheria nayo haitaiona tofauti hiyo. Wahenga walisema, ukimulika nyoka anza miguuni pako. Hawakusema umalizie nyumbani kwa mwenzio.

Yupo msomaji atakayenipinga, na pingamizi lake ni zito. Atasema: wewe wausifu mlango uliofungwa, lakini mlango wazi umewaokoa watu. Serikali ya Uganda ilipotoza kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa watumiao mitandao ya kijamii, kuanzia Julai 2018, wengi waliikwepa kwa njia za pembeni. Mitandao ya kijamii ilipozuiwa Tanzania wakati wa uchaguzi wa Oktoba 2020, wengi walipata habari kwa njia hizohizo. Mwezi Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania iliwataka watumiao njia hizo za siri kujiandikisha, jambo lionyeshalo kwamba zilikuwa zikitumika kweli. Je, si sadaka kumwachia mlango wazi mtu aliyefungiwa milango yote?

Najibu kwamba yaweza kuwa sadaka, na wala sikusema popote kwamba uwazi ni uovu. Ukarimu ni katika fadhila za kwanza za watu wetu. Lakini sadaka ina mtoaji. Yule anayefungua mlango wake akijua, akaijua hatari, akapima ni nani atakayeingia na ni madhara gani yatakayopita pamoja na faida, kisha akasema, "Haya nayachukua juu yangu," huyo ametenda tendo, na tendo lake laweza kusifiwa au kulaumiwa kama matendo mengine ya watu. Mwalimu wetu wa Simbo hakutenda hivyo. Hakumpa mtu chochote, alichukuliwa. Tukimwita mkarimu kwa sababu tu kwamba miongoni mwa walaghai mia alipita pia mnyonge mmoja, tutakuwa tumelivua neno ukarimu nguo zake. Kilichoangushwa hakiitwi zawadi, hata kikiokotwa na mwenye njaa. Na mgeni wa kweli, tusisahau, ana kanuni zake: siku mbili ni mgeni, siku ya tatu hupewa jembe. Kanuni hiyo haina maana katika nyumba isiyojua hata kwamba ina mgeni.

Tena yule asahauye mlango mara nyingi hajidhuru peke yake. Wikipedia, kamusi elezo ambayo toleo lake la Kiswahili lilianza mwaka 2003, huzuia proksi wazi zisitumike kuhariri kurasa zake, ili waharibifu wasijifiche humo. Hatua hiyo ina sababu. Lakini katika nchi zetu watu wengi hupewa anwani moja ya mtandao kwa pamoja, na mwaka 2022 wachangiaji wa Afrika walilalamika waziwazi kwamba wamezuiwa kuandika pasipo kosa, kwa kuwa anwani walizopewa zilikuwa zimeingizwa katika mkumbo wa proksi. Ndivyo lawama inavyokwenda: haimwendei mtenda, ambaye yuko mbali, haiishii kwa mwenye mlango, humwangukia jirani akaaye katika ua uleule, ambaye hakuufungua mlango wala hakuupita. Kijana wa Kigoma atakaye kuandika habari za ziwa lake kwa lugha yake aweza kukuta mkono wake umeshikwa kwa deni la mtu asiyemjua. Mwenye kusema "Mlango ni wangu, nikiuacha wazi ni shauri langu" hajaufikiri ua.

Kwa hiyo narudi kwenye swali nililoliuliza, na jibu langu ni hili. Mwenye mlango hawajibiki kwa uovu wa apitaye, maana huo una mwenyewe. Hawajibiki kuzifungua barua za watu ili ajue zina nini. Awajibika kujua mlango wake wafanya nini, na elimu hiyo haipatikani kwa kuiuliza nia yake, bali kwa kutoka nje na kubisha hodi. Kabla hajaonywa, ujinga wake ni wa kuhurumiwa. Akishaonywa, au akishapata njia rahisi ya kujua asiitumie, ujinga huo wageuka kuwa hiari yake, na hiari ndiyo mzizi wa lawama. Na tofauti kati ya hali hizi mbili haipimwi kwa ukubwa wa madhara. Hupimwa kwa dakika chache ambazo mtu alikuwa nazo, akazitumia au akazipuuza.

Wala kazi hii haiishi kwa siku moja. Programu hubadilishwa, mafundi huhama, mistari mipya huandikwa juu ya ya zamani, na mlango uliofungwa mwaka jana waweza kufunguliwa mwaka huu na mkono wenye nia njema uleule. Ni vivyo hivyo kwa jina la mtu, la chuo, la chama na la taifa. Hakuna aliyewahi kulifunga mara moja likakaa limefungwa milele. Usipoziba ufa utajenga ukuta; lakini hata kabla ya kuziba, ni lazima mtu aizunguke nyumba yake kwa miguu, upande wa nje, mchana kweupe, akiutazama ukuta ule ambao watu wa ndani hawauoni kamwe.